Mvuje wa Jumapili

Mwezi uliopita tulimuaga mwenzetu wa kazini aliyestaafu, na wenzangu wakachagua hoteli ya Kihindi kwa chakula cha mchana. Nilikwenda kwa kuwa nampenda yule mama. Nikakaa karibu na dirisha, nikaagiza soda, na mambo yalikuwa mazuri mpaka mtu huko jikoni alipotia mvuje kwenye mafuta ya moto. Mlango ulifunguka mara moja tu, mhudumu apite na sinia, lakini mara hiyo moja ilitosha. Mate yakanijaa kinywani, yale mate mepesi yenye chumvi yamjiayo mtu kabla hajatapika. Nikajiziba pua kwa mtandio, nikatoka, nikasimama kwenye jua la saa saba kama mtu aliyefukuzwa. Waliponifuata niliwaambia nina vidonda vya tumbo. Wakanionea huruma, na mmoja akanifundisha dawa ya maji ya kabichi.

Sina vidonda vya tumbo. Nina jambo nililolifanya nikiwa na miaka tisa, katika hoteli ya Kihindi ya Changamwe, na kila nikiunusa mvuje linanipanda kooni.

Wa rika langu mliolelewa na mabibi wa pwani hamhitaji kuelezwa mvuje. Kwa wengine niseme tu kwamba ni utomvu uliokauka, mgumu, wa rangi ya kahawia, unaonuka kama kitunguu kilichoozea ndani ya kiatu. Wahindi huutia chembe tu kwenye mafuta ya dengu na huko hugeuka ukawa kiungo. Kwetu haukuwa kiungo. Ulikuwa dawa ya watoto na ya kufukuzia vitu visivyoonekana, na bibi yangu alikuwa nao mkebe mzima.

Tulikaa vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya barabara ya malori. Baba aliendesha mtambo wa kunyanyua makontena bandarini Kipevu, na jioni alirudi ananuka grisi na jasho, harufu niliyoipenda. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu Riziki. Hapo ndipo Bibi, mama yake Baba, alipofunga nyumba yake Likoni, akavuka feri na kapu la nguo na mkebe wake wa dawa, akasema amekuja kukaa arubaini tu. Arubaini ikapita, Bibi akabaki.

Alitupenda, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaonekana namsingizia. Alitukogesha, alitusuka, alimbeba Riziki mgongoni mpaka kiuno kikamuuma. Alimfunga shingoni kipande cha mvuje ndani ya kitambaa cheusi, kikalowa mate na maziwa na jasho la mtoto, na nilipolala ubavuni mwake harufu ile iliniingia puani usiku kucha. Nililalamika. Bibi akaniambia uvundo huo ndio ngao, kwamba jini hawezi kuustahimili, ukimfikia huwaka kama aliyemwagiwa maji ya moto, na hukimbia asirudi. Akanieleza pia habari za majini wanaokuja kwa sura ya mwanamke, mzuri wa uso, mwenye maneno matamu, anayemtafuta mwanamume mjane. Ukitaka kumjua, alisema, usimtazame usoni. Mtazame miguuni, maana kwato hazifichiki. Hakunisimulia kama hadithi. Alinisimulia kama mtu anavyokutahadharisha na mbwa wa jirani.

Mwaka wa pili tangu msiba, Baba alianza kutupeleka hotelini Jumapili mchana. Ilikuwa hoteli ya Mhindi mmoja na mkewe, meza sita, mbele ya nyumba yao. Hawakupika nyama kabisa, na ndiyo sababu Baba aliipenda: hakukuwa na haja ya kuuliza nani kachinja. Mke, Bi Manju, ndiye aliyekuwa mwenye jiko. Alizaliwa hapohapo Changamwe, na Kiswahili chake kilikuwa safi kushinda cha mwalimu wangu. Madereva wa malori na makarani wa bandarini walikula pale, wakalamba vidole na kurudi tena.

Mimi nilichukia kila kitu. Tulipofika mlangoni tu, mvuje ulinipiga usoni, ule ule wa shingo ya Riziki, lakini huu ulikuwa wa moto na ulikuwa umeingia kwenye mapazia. Chakula kililetwa kwenye sinia la stili lenye vibakuli. Kulikuwa na dengu za manjano zilizofunikwa na utando wa samli, utando ambao ukiugusa kwa kidole unakunjamana kama ngozi ya mzee. Kulikuwa na bamia, na Baba alipozitia kinywani ute wake ulivutika uzi mrefu kutoka kidoleni hadi mdomoni, ukakatika, ukamdondokea kidevuni. Achari ya ndimu ilikuwa laini na imekunjika mfano wa vidole vilivyokaa majini kutwa. Mwishoni lililetwa bakuli la mbegu za shamari zilizochanganywa na sukari ya rangi, na kila mteja alikuwa ameshachovya mkono wake humo. Baba alikula akitoka jasho, na tone moja liliteremka puani mwake, likaning'inia, likaangukia kwenye dengu, naye akalisukuma na chapati akala. Niligeuza uso. Nilikula wali mkavu kwa kijiko, nikipumua kwa mdomo.

Nikisema kweli, mahali pale palikuwa safi kuliko kwetu. Bi Manju alisugua meza zile mpaka rangi ikatoka. Lakini nilikuwa na maelezo yangu kuhusu mvuje ule, na niliyashika. Niliamini kuwa hoteli ile ni mahali pa tiba, kwamba Baba amepatwa na jambo na anakuja kulishwa dawa. Ndiyo maana, nilijiambia, anakula chakula kinachonuka hivi na kusema ni kitamu.

Jumapili ya tatu tulimkuta mwanamke ameketi kwenye meza yetu. Baba akasema huyu ni Bi Zuhura, mwamkieni. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, nzuri. Alikuwa mzuri kweli, macho makubwa, meno meupe yenye mwanya. Alikuwa fundi wa kushona mikoba huko Bombolulu, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi ya kupakia ngozi ya mikoba ambayo hayakutoka kwa sabuni. Kuanzia siku hiyo tulimkuta kila Jumapili. Alitutangulia kufika na tulimwacha pale tukiondoka. Wiki tano zilipita sijamwona akisimama.

Nilimchukia kwa jinsi alivyokula. Alikatakata chapati, akaikanda na dengu kwenye kiganja mpaka ikawa uji, kisha akamlisha Riziki kwa vidole vile vyenye madoa. Riziki akafungua mdomo kama kifaranga. Dengu zilimtiririka kidevuni, na Bi Zuhura akazifuta kwa kidole gumba, halafu akakilamba kidole kile. Baba alitazama akitabasamu. Nilishikilia ukingo wa meza. Mama hakuwahi kunilamba mate, au kama aliwahi sikukumbuka, na kutokukumbuka kwenyewe kulinitia hasira.

Kisha siku moja chini ya meza nikasikia chuma. Mlio mdogo, kama komeo linalofungwa. Niliangusha kijiko makusudi nikainama. Buibui lilikuwa limepanda kidogo, na chini yake niliona kiatu cheusi kizito, cha mviringo mbele, chenye soli nene kama tofali, na vyuma viwili vikipanda kutoka humo kwenda gizani. Kando yake kulikuwa na mguu mwingine wa kawaida, wenye ndara. Nilikaa chini ya meza mpaka Baba akaniita mara mbili.

Nyumbani nilimweleza Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Aliniuliza kiatu kilikuwaje, nikamweleza, akaniuliza vyuma vilifika wapi, nikasema sikuona mwisho. Bibi alijua polio ni nini. Likoni kulikuwa na binti wa jirani yake mwenye vyuma hivyo hivyo, nilikuja kukumbuka baadaye sana, na Bibi ndiye aliyekuwa akimnunulia kashata. Siku ile hakusema polio. Alirusha mchele mara mbili hewani, akapuliza makapi, akasema, "Umeona mwenyewe kwa macho yako. Mimi sisemi kitu."

Baada ya wiki mbili Baba alituambia kwamba Bi Zuhura atakuja kukaa nasi, inshallah, mfungo ukiisha. Bibi hakubishana naye. Alisema mwana akitaka mke hulazimishwi kumpenda, alimradi akae. Lakini usiku huo alikataa chakula, na kesho yake alasiri nilimkuta uani na mkebe wake mapajani. Nikamuuliza lile nililokuwa nikilifikiria siku zote: mbona Bi Zuhura anakula mvuje kila Jumapili na hakimbii.

Bibi alifikiri kidogo. Akasema ule wa kwenye chakula ni wa kunusa tu, na wa kunusa humfukuza mdogo. "Mkubwa hanusi," alisema. "Mkubwa hunyweshwa."

Nikamuuliza kiasi gani. Akachukua kisu, akakata kipande kama pingili ya kidole gumba changu, akakiweka juu ya kifuniko, akakitazama. "Kiasi hiki," akasema. Kisha akasimama kwenda kutawadha aswali alasiri. Mkebe ule Bibi aliufungia kabatini hata akienda chooni. Siku ile aliuacha uani, na kipande juu ya kifuniko.

Nilikiponda kwa jiwe nyuma ya choo, pamoja na chumvi, mpaka kikawa unga. Kwa sababu ya moshi wa jikoni na harufu ya choo hakuna aliyenusa kitu. Nilikifunga kwenye karatasi ya daftari, nikaificha ndani ya soksi. Jumapili nilipovaa soksi ile niliona fahari. Nilikuwa nakwenda kumwokoa Baba.

Pale hotelini Bi Zuhura alipenda kunywa mtindi uliozimuliwa maji na kutiwa bizari nyembamba. Gilasi yake ililetwa kabla ya chakula. Baba aliinuka kwenda kunawa kwenye bomba la mlangoni, akakutana na mwenzake wa Kipevu, wakaanza kuzungumza. Bi Zuhura alikuwa amegeuka kutafuta kitambaa mkobani amfute Riziki pua. Nilifungua karatasi nikamimina unga wote, na kwa kuwa ulielea juu, niliukoroga kwa kidole. Nilikifuta kidole kwenye gauni. Uvundo ulipanda mpaka nikaogopa meza ya pili wataunusa.

Bi Zuhura aligeuka. Alimfuta Riziki, akainua gilasi, na ilipofika puani akasita. Alinitazama. Halafu akakitazama kidole changu, kilichokuwa bado cheupe kwenye ukucha. Nilingoja aiweke chini. Akaniangalia kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, kisha akanywa. Hakunywa kidogo. Alikunywa mpaka mwisho, koo likipanda na kushuka, machozi yakimlengalenga, mpaka unga ulioganda chini ukaonekana.

Nilingoja moto. Nilingoja ukelele, moshi, mwanamke ageuke kitu kingine mbele ya madereva. Yeye alifuta mdomo tu. Baba akarudi, akauliza kama mtindi wa leo ni mzuri, naye akasema umekolea.

Dakika chache zilipita ndipo nikauona uso wake ukibadilika rangi. Alishika meza kwa mikono miwili, akasimama, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitembea. Alikwenda upande upande, akiurusha mguu kutoka kiunoni, chuma kikigonga sakafu, akipita katikati ya meza kuelekea ua wa nyuma. Baba alikuwa na Riziki mapajani. Mimi ndiye niliyemfuata. Nilitaka kuona.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mfereji wa maji machafu, na hapo saruji ilikuwa na utelezi wa mafuta. Alianguka kabla hajaufikia. Alitapika akiwa ameanguka, juu ya mikono yake, juu ya buibui, manjano na nyeupe, na harufu ya mvuje iliyotoka tumboni ilikuwa mbaya kuliko yoyote niliyowahi kuinusa. Ilikuwa na joto. Maji ya mfereji yalikuwa yamesimama, yenye punje za wali zilizovimba na nzi wa kijani, na nywele zake zilikuwa zimetoka kwenye mtandio zikagusa maji yale. Ukanda wa chuma ulikuwa umekatika na kile kiatu kizito kimetoka.

Niliuona mguu wake. Ulikuwa mwembamba kama mkono, wenye makovu mekundu mahali chuma kilipousugua, na unyayo wake ulikuwa mdogo, sawa na wangu. Ulikuwa na vidole vitano. Kwenye kila ukucha kulikuwa na hina, mpya, iliyokolea. Alikuwa amejipamba mguu ambao hakuna aliyetarajiwa kuuona.

"Ulitia nini?" aliniuliza, akipumua kwa shida.

"Mvuje."

"Wa nini?"

"Uondoke."

Alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Ulidhani mimi nani?"

Nikasema jini. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliuvuta mguu ule kwa mikono yake miwili, jinsi mtu anavyovuta mtoto aliyelala, akauweka mbele yangu kwenye saruji.

"Basi tazama," akasema. "Tazama vizuri, usije ukasema hukuonyeshwa."

Nikatazama. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika pale pale, nikalia, nikamshika mkono. Haikuwa hivyo. Nilijua sasa kwamba ni mguu wa mtu, na bado nilichefukwa. Nilichukizwa na makovu, na matapishi, na ile hina, na kidole changu mwenyewe. Nilirudi nyuma hatua moja ili asiniguse, naye akaiona hatua ile.

Bi Manju alitoka jikoni na ndoo ya maji. Alipiga magoti kwenye uchafu ule na sari yake, akamwosha uso na nywele, akamvalisha kiatu, akafunga ukanda kwa kipande cha kamba. Baba akaja, na Riziki begani analia. Aliona mchumba wake ameketi chini amelowa, na kwa hofu akamgeukia wa karibu. Alimwambia Bi Manju kwamba jiko lake ni chafu, na anawalisha watu vitu vilivyooza. Alisema kwa sauti kubwa, akirudi ukumbini nasi tukimfuata, na wateja wakageuka wote.

Bi Manju aliichukua ile gilasi mezani, akainusa. Alijua mara moja. Mwanamke aliyepika na mvuje maisha yake yote angekosaje kujua kiasi kile si mkono wa mpishi? Aliinua macho, akanitazama, akatazama gauni langu pale nilipofutia kidole. Nyuma yangu Bi Zuhura alikuwa amesimama ameshika ukuta. Akamtikisia Bi Manju kichwa, mara moja, taratibu, kumkataza.

"Ni kosa la jikoni kwangu," Bi Manju akasema. "Niwie radhi, ndugu yangu."

Baba hakuridhika. Alisema maneno mengine ambayo sitayaandika, kuhusu Wahindi na uchafu, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo wala baada yake. Madereva wawili walisukuma masinia yao kando. Mume wa Bi Manju alisimama mlangoni mwa jiko akiwa ameshika mwiko. Bi Manju aliinamisha uso, mikono yake inachuruzika maji ya matapishi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao wote, na neno moja tu lingemaliza mambo. Nililimeza.

Hatukurudi tena pale. Ijumaa iliyofuata mwanamke mmoja aliyefanya kazi na Bi Zuhura alikuja mpaka mlangoni kwetu. Alimwambia Baba kwamba Bi Zuhura anamshukuru kwa heshima aliyompa, ila hataweza kuolewa naye, na anaomba asiulizwe sababu. Baba akasema ahsante. Aliingia ndani akaendelea kupiga viatu vyake rangi, kiatu kilekile kimoja, muda mrefu. Bibi alipika pilau ya kuku siku hiyo, pilau ya sikukuu hasa. Nilikula sahani mbili.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu, nami nilimlilia mpaka sauti ikanikauka. Baba hakuoa tena. Hata Bibi alipokuwa hai, watu walipomsukuma aoe alisema yeye si mtu wa kuolewa naye, ananuka grisi, ana watoto wawili na mama. Alisema kwa mzaha, na watu walicheka.

Mwaka jana nilikwenda Bombolulu kutafuta mkoba wa zawadi, nikaingia duka dogo la barabarani. Mama mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mkongojo umeegemezwa ukutani. Ule mwanya wa meno ndio ulionijulisha. Yeye alinitambua kwa paji la uso. Alisema ni la Baba. Alinipa kiti, akaniuliza habari za Riziki kwanza, kama anakula vizuri. Riziki ana watoto watatu sasa.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka, nayo yakatoka vibaya, nusu nusu. Alinisikiliza huku akikata nyuzi.

"Mtoto wa miaka tisa hajui kipimo," akasema. "Ulipimiwa."

Akauweka mkasi chini.

"Wewe sikukuogopa. Mtoto hukua. Nilimwogopa aliyekupimia. Ningelala vipi nyumba moja naye, nile alichopika?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Baba. Akasema mtu hamtenganishi mwanamume na mama yake halafu akatarajia kupendwa. Akaongeza kwamba Bi Manju ameshafariki. Kabla ya hapo hoteli ilifungwa, naye akahamia kwa binti yake. Yeye Bi Zuhura aliendelea kula kule hotelini kila mwezi mpaka ilipofungwa, akachagua meza ya mbele ili wapitao wamwone anakula. Nilinunua mkoba wangu. Hakunipunguzia bei, na sikutaka anipunguzie.

Baba anakaa nami siku hizi. Ilinichukua miezi kumwambia. Nilimkuta mchana anasikiliza mpira redioni, nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, nikaanza kwenye soksi, kwa kuwa sikujua pengine pa kuanzia. Alizima redio. Nilipofika kwa Bi Manju na maneno aliyomwambia, alifumba macho. Nilipofika kwa Bibi na kile kipande juu ya kifuniko, aliinua mkono kama anataka kunizuia, kisha akaushusha. Nilimaliza. Nilingoja anifukuze, au ailaumu nafsi yake, au amtetee mamake.

Kisha akasema, polepole, "Kwa hivyo hakunikataa mimi?"

"Hapana, Baba. Hakukukataa wewe."

Akaniambia nimwache kidogo. Nilisimama, na nilipogeuka mlangoni kumtazama, mzee yule wa miaka zaidi ya sabini alikuwa ameinama mbele ya redio iliyonyamaza, anatabasamu peke yake. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwa kuliona tabasamu lile.